Printa ya Kanisa na Wimbo wa Bibi Monika

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka harufu ya wino wa stensili. Tulipokuwa watoto hapa Tabora, Jumamosi tulipanga mstari ofisini kwa mwinjilisti, mikono safi, mdomoni tukitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kila mmoja akingoja kuzungusha mpini wa mashine ya kudurufu. Mzunguko mmoja, karatasi moja, kisha unampisha mwenzako. Tulirudi nyumbani pua nyeusi, mama akauliza kama tulikwenda kanisani au kuchoma mkaa.

Namshukuru Mungu nimeishi hadi kuona karatasi zikijitoa zenyewe. Juzi Bibi Monika, mkubwa wa kwaya yetu ya zamani, alituma ujumbe kutoka kitandani: Jumapili angeletwa kanisani, naye alitamani kuusikia tena wimbo wa Kinyamwezi wa utoto wetu. Kwaya ya sasa ni vijana, na Kinyamwezi chao kinaishia kwenye salamu. Bila maneno kwenye karatasi, bibi angesikia kinanda tu.

Neema, katibu wa ofisi, akayachapa maneno nikimtajia. Kompyuta yetu kuukuu inatumia Linux, mfumo ambao Neema anasema hauwachoshi wazee. Printa ndiyo ilikuwa mpya. Akaagiza nakala za kwaya nzima, akabofya. Kimya. Nami nikabofya. Kimya vilevile.

Wazee wa kanisa walikuwa wakitoka kikaoni, na kwetu huwezi kumwona mzee mlangoni usimshirikishe. Kila aliyeingia aliitikia shikamoo ya Neema, akabofya mara moja kwa adabu, akampisha mwenzake, kama tulivyolelewa.

Neema akagundua kwamba draiva, programu ya kuiwezesha kompyuta kuiongoza printa hiyo, haikuwemo. Akafungua dirisha jeusi kwenye kioo, akaandika amri ya kuisakinisha. Jibu likaja: kifurushi cha draiva hakipatikani. Akasasisha orodha ya vifurushi, akarudia. Safari hii kompyuta ikadai nywila, aliyoijua Mzee Petro, mwenyekiti wetu. Akaiandika kwa kidole kimoja. Kwenye kioo haikutokea hata nukta.

"Kibodi imekufa hii."

"Haijafa, babu. Inaficha makusudi. Wewe andika tu."

"Niandike nisichokiona?"

"Si ndiyo imani mnayotufundisha?"

Mzee Petro akacheka, akaandika. Kifurushi kikaja polepole kama treni ya mizigo kutoka Kaliua. Kilipokwisha kuingia, Neema akachagua draiva, na printa ikakohoa ikaanza kazi. Tukapiga makofi. Karatasi za kwaya zikatoka zote. Kisha zikatoka tena. Na tena.

"Babu, nani mwingine alibofya?"

Tukatazamana.

"Sote," akasema Mzee Petro. "Kwa zamu."

Kumbe mashine ilikuwa imezipanga amri zetu kwenye foleni, kila moja ikiwa ya kwaya nzima. Hadi Neema anaifuta foleni, karatasi tulizoweka kwa mihtasari ya vikao zilikuwa zimekwisha.

Basi Jumapili kila muumini alipata karatasi yake, hata watoto wa mgongoni. Bibi Monika aliletwa kwa bajaji, akaketi mbele, karatasi yake akajipepea nayo. Kanisa zima likaimba, vijana wakiyatamka maneno kama wanaotema kokoto. Ubeti wa tatu ukawashinda, wakanyamaza, nasi wazee tukampisha Bibi. Bibi akaendelea peke yake, sauti nyembamba, macho yamefumbwa.

Baada ya ibada vijana waliizingira bajaji, simu juu, wakimwomba auimbe ubeti ule wapate kuurekodi.

"Wekeni hizo mfukoni," akawaambia. "Nitazameni mdomo."

Sisi tulifundishwa hivyo, kwa kutazama mdomo wa mkubwa. Siku hizi kila kitu kinachapwa na kurekodiwa, nami nashukuru, ila ni nadra kumtazama mtu kwa muda mrefu vile. Simu zikaingia mifukoni. Dereva wa bajaji akazima injini, naye akageuka kumtazama.