Robo Inchi ya Gari la Maiti

Mwanangu Tavion ni mfupi, na wa kulaumiwa ni mimi. Nalisema mapema nisije nikaonekana nasingizia watu. Baba yake, Leotis, anabadilisha taa za kanisani bila ngazi. Mimi nakaanga kuku kwenye kituo cha mafuta cha njia panda, na ili nilifikie karai nasimama juu ya kreti la soda. Mtoto akawa na chaguo la kufuata upande wowote, akafuata wa kreti.

Leotis alituacha Tavion akiwa bado kibogoyo wa meno ya mbele. Aliniambia amechoka kugonga kichwa kwenye mlango wangu. Mimi, kwa akili zangu, nikaita fundi aupandishe mlango. Fundi alipomaliza, Leotis alikuwa ameshahamia mji wa pili kwa Charmaine, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya yetu, mwanamke ambaye miguu yake inaanzia kwapani. Mlango mrefu ninao mpaka leo. Baridi yote ya kaskazini mwa Louisiana inapitia pale juu.

Huku kwetu mtoto wa kiume asiyecheza mpira watu humuuliza mama yake kama ni mgonjwa. Nasema mpira wetu, ule wa umbo la yai, unaoshikwa mkononi, wa wanaume wenye kofia ngumu wanaogongana kama malori. Tavion hucheza nyuma kabisa. Mtu mwenye mpira akishawapita wenzake wote, anayebaki ni yeye, na kazi yake ni kumwangusha. Aliwaangusha. Aliwapiga kiunoni, maana huko ndiko alikofika bila kuruka, na walianguka kama wamekatwa na shoka. Katika miaka yake ya chuo hakuna aliyeangusha watu wengi kama yeye katika vyuo vyote vidogo wanavyocheza navyo.

Leotis hakuja kutazama hata mechi moja. Alikuwa akisema, "Mtoto mfupi vile watamuua pale. Mimi sendi kumtazama mwanangu akiuawa." Na watu wa kiwanda cha mbao anakofanya kazi walimwona baba mwenye huruma.

Sasa, kijitabu cha timu ya chuo kilisema Tavion ana futi tano na inchi kumi na moja. Vyuo vyote huongeza, kama sisi wanawake wa kanisani tunavyopunguza umri. Mlango wangu, ule wa fundi, una alama za kalamu, na mlango ulisema futi tano na inchi tisa. Mlango haudanganyi. Ndicho kitu pekee cha Leotis nyumbani kwangu kisichodanganya.

Hilo halikuwa na shida mpaka ilipokaribia siku ya vipimo. Siku hiyo wasaka vipaji wa timu za kulipwa huja chuoni na futi zao, mizani zao na saa zao, wakawapima wavulana kama ng'ombe wa mnadani. Tavion hakuwa na mlango mwingine wa kuingilia kwenye mpira wa kulipwa. Wasipomwandika siku hiyo, angerudi nyumbani, na kituo cha mafuta kilikuwa kinatafuta mtu wa pili wa kukaanga. Nilikuwa nimeshamwona ndotoni akiwa juu ya kreti pembeni yangu. Niliamka natokwa jasho.

Kocha wake, Broussard, alinipigia simu.

"Bi Ozella, mtu huamka mrefu kuliko alivyolala. Uti wa mgongo hujinyoosha usiku, halafu kutwa nzima unashuka. Vijana wote wafupi siku ya vipimo hawainuki kitandani mpaka dakika ya mwisho. Na asikae kwenye kiti cha gari. Kukaa ndiko kunakomaliza kabisa."

"Kocha, kutoka hapa hadi kwenu ni zaidi ya saa nzima. Atakujaje, kwa kubebwa na malaika?"

"Mlaze kiti cha nyuma."

Nilimjaribisha kwenye kiti cha nyuma cha gari langu. Hakuenea. Hebu fikiria, mtoto mfupi kuliko wote kwenye mpira wa Marekani, na gari la mama yake ni dogo kwake. Nilikaa kwenye ngazi za nyumba nikacheka mpaka nikalia.

Aliyetuokoa ni Shemasi Alcide, mwenye nyumba ya mazishi. Alikuja kununua mapaja ya kuku, akanisikiliza, akajifuta mafuta mdomoni.

"Dada Ozella, mimi nina gari ambalo kila abiria hulala chali. Na hakuna aliyewahi kulalamika."

"Shemasi, mwanangu hajafa."

"Na ndiyo maana simtozi."

Basi asubuhi ile walimtoa Tavion kitandani na godoro lake, Shemasi na kijana wake, wakamtelezesha ndani ya lile gari jeusi refu. Mimi nilivaa gauni langu jeusi, kwa sababu ndilo zuri, na kofia ya kanisani, kwa sababu nilitaka wasaka vipaji waone kijana ana kwao. Nikapanda mbele. Shemasi akawasha taa, kwa mazoea, akaondoka polepole, kwa mazoea.

Kila mtu wa kwetu anajua la kufanya taa zile zikipita. Unalipeleka gari lako pembeni, unasimama, unavua kofia. Tulipofika kwenye saluni ya Eulalie, yeye mwenyewe alitoka mlangoni na chanuo mkononi, akaniona. Mimi kwa aibu nikajifunika uso na kitambaa. Eulalie akapiga yowe.

Nilitaka kuteremsha kioo nimweleze. Lakini ungeeleza nini, na gari linatembea?

Mjini kwetu habari haihitaji simu ikishafika kwa Eulalie. Tulipovuka daraja, Shemasi alitazama kwenye kioo chake.

"Dada Ozella, tuna wafiwa."

"Wangapi?"

"Usigeuke."

Niligeuka. Nyuma yetu kulikuwa na msururu wa magari, yote yamewasha taa, na mengine yalikuwa yakitoka barabara za pembeni kujiunga, maana msafara ukipita huulizi ni wa nani, unajiunga kwanza.

"Shemasi, kimbiza gari!"

"Halijawahi kukimbia, dada. Sijui hata likikimbia linakuwaje."

"Basi simama tuwaambie."

"Tukisimama watatuzunguka, wataimba, watataka kuomba. Unawajua. Vipimo ni saa nne."

Hapo sauti ikatoka nyuma: "Mama, huku kuna joto."

"Nyamaza," nikamwambia. "Ukiongea unafupika."

Sijui nilikuwa na maana gani. Lakini alinyamaza, mtoto wa watu, akaendelea kulala mikono kifuani.

Tulipita mji wa pili, mji wa Leotis, tukipita mbele ya kiwanda cha mbao. Sikutazama. Nilikuwa nimeapa zamani kutotazama upande ule, na siku ile kiapo kilinigharimu, maana ningemwona akirukia gari lake.

Chuoni, wasaka vipaji walikuwa wamesimama mbele ya ukumbi wa mazoezi na vikombe vyao vya kahawa. Wakaona gari la maiti linaingia, na nyuma yake kanisa zima. Walivua kofia. Kocha Broussard alikuja mbio na vijana wanne.

"Yuko wapi?"

"Yuko amelala," nikasema.

Magari yakamwaga watu. Na mbele yao wote, mrefu kuliko wote, akaja Leotis, nywele zina vumbi la mbao, machozi yanamchuruzika. Sijawahi kumwona akilia. Hata siku ya mlango hakulia.

"Nilisema!" akapaza sauti. "Nilisema watamuua! Ozella, si nilikwambia? Mwanangu! Mwanangu wa pekee!"

Charmaine, aliyekuwa nyuma yake na mtoto wao, alimtazama. Nililiona lile jicho. Nitalikumbuka na kulifurahia mpaka nami nipandishwe gari lile.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa, vijana wakalivuta godoro, na Tavion akainua kichwa kidogo tu, kwa tahadhari, asije akapoteza kitu.

"Baba?" akasema. "Umekuja kuniona nikipimwa?"

Leotis alienda chini. Mtu mrefu akianguka huchukua muda; kwanza magoti, halafu kiuno, halafu yale mengine. Eulalie naye alipiga yowe la pili, ila hili lilikuwa na matusi ndani yake, na yote yalinilenga mimi.

Hatukuwa na nafasi ya kuomba radhi. Walimbeba Tavion na godoro hadi ukutani, akasimama pale penye futi, kisigino ukutani, pumzi ndani. Mpimaji alikuwa mzee mmoja mwenye miwani. Akashusha kibao kichwani.

"Futi tano, inchi tisa na robo."

Robo! Gari la maiti, Shemasi, aibu yangu, mioyo ya watu wa miji miwili, na tumepata robo inchi. Soli ya kiatu changu cha kazini ni nene zaidi.

Mzee akatazama kijitabu cha chuo. "Hapa pameandikwa kumi na moja. Hizo nyingine zimekwenda wapi?"

"Zimeanguka njiani," akasema Kocha Broussard.

Halafu wakamkimbiza, wakamrusha, wakampindua huku na huku. Alikimbia vizuri. Lakini siku ya vipimo hakuna kumwangusha mtu, na hiyo ndiyo kazi anayoijua. Ilikuwa kama kunipima mimi bila kunipa kuku. Wafiwa, kwa kuwa walishafika, walijaa kwenye ngazi za ukumbi wakashangilia kila alichofanya, hata alipofunga kamba za viatu.

Leotis alinijia baadaye, amejipangusa. "Ozella, mtoto kajitahidi."

"Mtoto yupi?" nikamwuliza. "Yule aliyekufa?"

Siku za timu kuchagua wachezaji zilipofika, nilikaanga kuku wa kanisa zima, kama fidia. Tulikaa mbele ya televisheni. Majina yalisomwa, warefu kwa warefu, mpaka yakaisha. La Tavion halikuwemo. Watu waliondoka mmoja mmoja wakinishika mkono, kwa hiyo mazishi yao waliyapata. Tavion alikaa chini ya mlango wangu mrefu, mgongo kwenye alama za kalamu. Nami nikaanza kufikiria mahali pa kupata kreti la pili.

Simu ikalia. Nilipokea mimi, mikono ina unga.

"Huyo ni mama wa kijana wa gari la maiti?"

"Kama ni Eulalie, nimeshakuomba radhi."

Alikuwa yule mzee wa miwani. "Mama, mwaka huu nimepima mabeki wafupi wengi mpaka wamenichanganyikia. Wote wanakimbia vilevile. Wako ndiye pekee niliyemsimulia mke wangu. Basi nikatafuta picha za mechi zake nizitazame. Anapiga kama ana deni na watu. Aje kambini. Siahidi kitu. Wengi watarudishwa."

Nilimpa Tavion simu kisha nikaenda jikoni kusema na Mungu kuhusu Eulalie na lile yowe lake.

Wengi walirudishwa kweli. Yeye walimbakiza, wakamweka kwenye kikosi kile kinachotoka mbio mpira ukishapigwa teke, kinachokwenda kumgonga anayeupokea. Ni kazi ya watu wasiokuwa na nafasi nyingine. Wanaweza kumfukuza Jumanne yoyote, siku yao ya kupunguza watu. Kila Jumanne silali vizuri, na Jumatano namshukuru Mungu.

Leotis siku hizi huko kiwandani ni baba wa mchezaji. Alinipigia akitaka tiketi. Nikamwambia viti vyetu vina paa fupi, ataumia kichwa.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona, huko kaskazini kwenye baridi, nilikaa pembeni ya bwana mmoja aliyevaa koti la timu. Mpira ulipigwa, wakatoka mbio, na yule wa mwisho upande wetu, mdogo kuliko wote, akapenya katikati ya majitu mawili akamkuta mwenye mpira, mtu mkubwa kama friji. Akampiga kiunoni. Friji likaenda chini.

"Huyo namba thelathini na saba," yule bwana akasema huku akipiga makofi, "ana moyo, lakini mfupi mno. Hafiki mbali. Sijui huo ufupi kamfuata nani."

"Mama yake," nikasema.

Kisha nikasimama juu ya kiti changu, na kofia yangu ya kanisani, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nyuma yangu palikuwa na watu safu kwa safu. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba namziba.