Muuzaji Anywe Kwanza

Wewe ungemnunulia mwanao gari kwa sababu tu halipigi kelele?

Juzi, nikisubiri lori la barua pale Igurwa, nilimkuta mfugaji wa Bweranyange akilizunguka gari kuukuu, fimbo mkononi. Alilitaka kwa ajili ya binti yake wa miaka kumi na minane, mwenye leseni mpya, ili awe anampeleka mama yake hospitali. Njia yenyewe ni milima mitupu.

“Sikiliza gia, mzee wangu,” alisema muuzaji, aliyefunga tai juani. “Hazisemi neno.”

Binti, aliyesimama kando ya baba yake, akainama, akanusa chini ya gari. “Baba, linanuka rubisi, kama ndizi zinazochachuka.”

“Ni joto tu, mwanangu,” muuzaji alidakia.

Mimi na digrii yangu ningeomba karatasi za gari, nikaonyeshwa muhuri, nikaridhika. Mzee hakuomba karatasi.

“Nikinunua ng’ombe wa maziwa,” alisema taratibu, “mwenye ng’ombe anakunywa kwanza, nikimwona. Mpakie mwanao yule wa pale dukani, uteremke naye mlima huu mpaka bondeni. Mkirudi, nalichukua.”

Binti wa muuzaji, aliyekuwa akinywa chai dukani, hakungoja kuitwa. Alikuja mbio, akakaa mbele na kufunga mlango. Baba yake akashika usukani, akautazama mteremko, akamtazama mtoto, akalegeza tai.

“Shuka, mama,” alimwambia. Kisha akamgeukia mzee. “Gia zilikuwa zinasaga. Nimeshindilia ndizi mbivu kwenye giaboksi ili zinyamaze.”