Mchikichi wa Amisi

Hadi mwisho, Mama Mwanvua hakuacha kuinua majani aliyoyakanyaga. Akitoka kwenye kijia cha shambani kuelekea nyumbani kwake Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu mjini, aligeuka, akainama, akayasimamisha kwa mkono, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Majirani walimtania.

"Mama, nani anakufuata? Mwenye duka anayekudai?"

"Adui hapigi hodi," alijibu, akaendelea na majani yake.

Safi, binti yake, alizaliwa baada ya vita, lakini alijua tabia ile ilikotoka. Askari walipochoma kijiji chao kwenye barabara ya Kalima, mama yake alikimbilia msituni na watoto wawili: Amisi, mwanawe wa kwanza, kifuani, na mgongoni Soudi, mdogo wake yeye mwenyewe, kitinda mimba wa mama yao. Walijificha huko miezi mingi, na kila aliyepita aliinua majani nyuma yake, askari wasione njia. Amisi alikufa kwa homa. Mama akamzika, akapanda mchikichi upande wa kichwa ili kaburi lisipotee. Vita vilipokwisha, wengine walikuwa wametawanyika au wamekufa. Yeye na Soudi tu ndio walioijua njia ya kufika pale.

Soudi alikua, akawa mkubwa wa kamati ya kijiji. Serikali ilipoanza kuwalipa watu wapande miti na kufungua barabara za msituni, alikuja kwa dada yake amevaa kofia mpya ya mradi.

"Yaya, hii njo bahati yetu. Barabara itapita kulekule kwetu."

"Na Amisi?"

"Haki ya Mungu, hakuna muntu atagusa mchikichi wake."

Mama alimwamini. Angeachaje kumwamini mtu aliyemkojolea mgongoni?

Mvua zilipopungua alimchukua Safi wakapalilie kaburi, kama kila mwaka. Safari hii hawakuhitaji kijia. Barabara nyekundu, pana, ilikwenda moja kwa moja mpaka pale. Mchikichi haukuwepo. Miche ya akasia ilisimama kwa mistari iliyonyooka, na Safi hakuweza kujua ni upi uliochimbiwa juu ya kaka yake. Mama alipiga magoti, akapapasa udongo baina ya miche, mstari baada ya mstari. Hakupata hata kisiki.

Jioni Soudi aliketi barazani, kofia mapajani.

"Yaya, wanalipa kwa shamba tupu. Wangekuta mchikichi, wangesema shamba iko na mwenyewe."

"Na mimi sikuwa mwenyewe?"

Soudi aliizungusha kofia.

"Safi, mpe mjomba wako chai," Mama alisema, akaingia ndani.

Tangu hapo, kila Soudi alipokuja alipewa chai. Neno hakupewa. Akasia zilipofika kimo cha mtu, Mama alianguka kitandani, asiinuke tena. Siku moja Soudi alikuja na kilo ya sukari, akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Safi alimwinamia mama yake.

"Mama, mjomba yuko nje. Nimwambie aingie?"

Mama alimshika mkono, akamvuta karibu.

"Munizike pahali Soudi hapajui. Na mukirudi, muinue majani."