Fundi Anayepima Vivuli

Fundi wetu wa mtaa wa Ndosho haweki jiwe kabla hajalijua jua la kiwanja. Kwenye kiwanja cha Mama Shakila alizunguka siku tatu, akichora vivuli kwa chaki juu ya mawe ya volkano, akijisemea kwa sauti ya chini. Akamjengea nyumba ya kuta nene, madirisha ya kupitisha upepo, na paa la sola lisilofikiwa na kivuli chochote. Waya wa umeme wa mji hakuuvuta, na majirani walimcheka.

Juzi mtaa ulifikisha siku ya tano bila umeme. Mama Shakila, anayeishi kwa insulini, dawa ya kisukari inayoharibika kwa joto, alimwita jikoni.

"Fundi, fungua friji mwenyewe."

Fundi akaifungua, akakishika kichupa cha dawa kwa vidole vilivyogandwa na saruji.

"Iko baridi, mama."

Akakirudisha taratibu, akakaa sakafuni, akacheka, yeye ambaye hatujawahi kuyaona meno yake.