Safari za Mtu wa Toleka

Siku ya kwanza nilipomwona, nilidhani anacheza muziki. Mkono wake ulikuwa umetulia, umeungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, lakini chini ya kitenge miguu ilikanyaga bila kupumzika, kana kwamba bado anaendesha toleka, ile baiskeli ya abiria iliyomlisha miaka mingi. "Ushike muzuri, papa," akaniambia mimi wa kitanda cha pembeni, "tunapanda daraja ya Tshopo." Kila Jumanne alinisafirisha hivyo. Bila kutoka vitandani tulifika hadi Bafwasende, mbali kabisa, ingawa vita ilikuwa imefunga barabara, na kwenye kizuizi cha askari alipunguza mwendo, akawasalimia kwa adabu, kisha akakanyaga kwa nguvu.

Miguu yangu nayo ilikuwa kama imejaa siafu kwa ndani, ila niliona haya kusema. Ilipozidi, nilidai nina mgeni nyumbani, na muuguzi Kavugho alinitoa kwenye mashine kabla ya masaa manne ya kusafishwa kutimia. Damu ilibaki chafu, uso ukavimba. Nilipomtaja mgeni mara ya tatu, mtu wa toleka alisimamisha miguu yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Mama Kavugho, huyu hana mugeni. Ni miguu, sawa yangu. Umwitie docteur." Daktari alikuja, akanipa kidonge, nikamaliza masaa yote huku masikio yakiniwaka kwa aibu. Juma lile mtu wa toleka alihamishiwa Kinshasa na watoto wake. Mlangoni alinigeukia: "Papa, ukae masaa yote ine. Miguu ikianza, ulalamike kwa sauti, hata bamama ba humu wodini bakucheke."