Droni za Kichina na Maneno Niliyoyalegeza Minneapolis

Niliondoka Kigoma nikiwa na furaha. Nilikuwa nimestaafu ukalimani wa mahakamani baada ya miaka ishirini na miwili, na mpwa wangu Tito, mhandisi aliyesoma Minnesota akabaki huko, alinitumia tiketi nikamtembelee wiki mbili. Siku chache kabla ya safari akapiga simu. Yeye na wenzake waliosoma naye walikuwa wameandaa mhadhara chuoni kuhusu droni za kijeshi za China, na mama mmoja Mkongo angetoa ushuhuda.

"Mjomba, Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa kinatupiga chenga. Wewe umekisikia maisha yako yote. Utatusaidia kutafsiri?"

Nilikubali palepale.

Ndege tatu na karibu siku mbili baadaye, Tito alinipokea Minneapolis akiwa na koti zito mkononi. Kando ya barabara ya kwenda kwake Eagan theluji ya mwisho wa baridi ilikuwa bado imerundikwa, nyeusi kwa moshi wa magari.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikwenda Columbia Heights kumwona huyo mama kabla ya mhadhara. Anaitwa Mama Esther, na anaishi ghorofa ya pili na bintiye Esther, mwanafunzi wa uuguzi. Esther anaelewa kila neno la Kiswahili, ila anajibu kwa Kiingereza. Mwaka uliotangulia Mama Esther alirudi kwao, milimani juu ya Uvira, kumzika baba yake.

"Tulikuwa tunatoka marché, kule sokoni," alinisimulia. "Neema, mdogo wangu, alikuwa mbele na wenzake. Mimi nilibaki nyuma sababu kiatu kilikatika. Nikasikia sauti juu, kama pikipiki iko mbali. Mchana, jua kali. Kisha sikusikia tena kitu."

Alinionyesha picha kwenye simu: kipande cha chuma kilichopinda, chenye maandishi ya Kichina. Mwili wa Neema aliutambua kwa kitenge chake. Beseni lake la unga lilikutwa limetoboka toboka.

Nani aliirusha droni hiyo? "Kila upande unaopigana unasema ni ule mwingine," alijibu.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mlangoni Tito alinivuta pembeni.

"Mjomba, yule mama ana hasira. Ukitafsiri, yalegeze maneno yake kidogo. Kuna wanafunzi hapa wako kwa viza, sitaki ionekane tumeleta vurugu."

Mhadhiri alikuwa mtu mpole, mtaalamu wa silaha. Alituonyesha picha za Wing Loong na CH-4, droni zinazotumika tayari na ambazo China imeziuza katika nchi nyingi, za kwetu Afrika zikiwemo. Kisha akaja kwenye zinazotengenezwa: zisizo na mkia, ili rada isizione kwa urahisi, zitakazoruka sambamba na ndege za kivita, na moja kubwa inayokusudiwa kufungua tumbo angani na kumwaga droni ndogo kundi zima. Alizungumza kama mtu anayeuza majokofu. Alipofika kwenye kamera akatabasamu. Kutoka juu kule, alisema, mchana kweupe, mrushaji anatofautisha jembe na bunduki.

Nilimtafsiria Mama Esther sikioni. Akasimama kabla hajaitwa.

"Mwalimu, umesema ile kamera inaona jembe na bunduki. Basi mutu aliyebonyeza alimuona Neema. Aliona beseni. Aliua huku anaona. Wasiniambie tena ni bahati mbaya."

Nikashika kipaza sauti. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama amempoteza ndugu yake kwa makosa, katika eneo la mapigano, na anauliza kama kamera hizo zinaweza kuboreshwa.

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mhadhiri akamshukuru, akasema habari njema ni kwamba matoleo mapya yatakuwa na kamera bora zaidi.

Esther akasimama. Kwa Kiingereza, bila kupaza sauti, akasema, "Mama hakusema hivyo. Huyu mzee amebadilisha maneno yake."

Mama Esther akanigeukia. "Umewaambia nini?"

Mahakamani nilitafsiri wauaji na wezi bila kuwapunguzia neno, halafu hapa, kwa ombi la mpwa wangu, nimemnyang'anya mfiwa sentensi zake. Niliwaambia wote kwamba nilichotafsiri sicho alichosema. Kisha nikayasema maneno yake, moja baada ya jingine.

Mhadhiri alivua miwani. Alisema hilo ni suala la wanasheria, si la kitaalamu.

"Mwambie sijauliza sheria," alisema Mama Esther. "Nimeuliza, aliona ao hakuona?"

Nilitafsiri. Mhadhiri akavaa tena miwani.

"Kwa kamera ya aina ile, mchana," alijibu, "aliona."

Nilipomfikishia jibu, Mama Esther alikaa chini.

Njiani kurudi Eagan Tito alipiga usukani kwa kiganja. "Umeniaibisha, Mjomba."

"Uliniomba niibe, nikaiba," nilimwambia. "Sasa unakasirika nimerudisha?"

Kesho yake nilipanda basi peke yangu kwenda Columbia Heights kuomba radhi. Mama Esther hakunikaribisha chai.

"Uliogopa nini, mzee?"

"Sijui, mama."

"Ile neno nimeibeba tangu milimani mpaka hapa. Kazi yako weye ilikuwa kuivusha tu."

Nimerudi Kigoma na hasira ambayo haijapoa. Nawakasirikia wanaounda mashine yenye macho makali kiasi kile, wanaoiuza, na yule aliyemwona Neema na beseni lake akabonyeza. Lakini nimejifunza kwamba kazi yao haimaliziki angani. Inamhitaji pia mtu mstaarabu huku chini, mwenye sauti nzuri na Kiingereza safi, wa kuita mauaji makosa. Siku ile mtu huyo nilikuwa mimi.

Wiki iliyopita Esther aliniandikia: mama yake anataka ushuhuda wote kwa maandishi, aupeleke kwa wakili. Niliutafsiri kwa siku mbili. Nilipofika kwenye "aliua huku anaona" nikaandika hivyo hivyo, nikatia saini na jina langu kamili chini yake.