Nilipokataa Kuachia Kibonye

Wewe unayenisikiliza, umewahi kukisikia kinanda cha mabomba? Sisemi kile cha umeme ambacho vijana wa kwaya hukibeba begani. Nasema kile kikubwa kinachojaza ukuta mzima wa kanisa. Kama hujawahi, usijali. Mimi nilifika Johannesburg nikiwa mtu mzima, nimetoka Uvira, Kongo, na siku ya kwanza nilipokiona katika kanisa letu la Jeppestown nilidhani ni mapambo ya ukutani. Nitakueleza taratibu, wala hutapotea.

Kinanda hiki ni nyumba ya upepo. Chini kuna feni ya umeme inayojaza hewa kwenye mvukuto mkubwa wa ngozi. Juu ya mvukuto yamesimama mabomba, safu baada ya safu. Marefu yanapita kimo cha mlango, na madogo kabisa hayazidi kidole changu cha mwisho. Kila bomba lina sauti moja tu, halina nyingine. Mpigaji akibonyeza kibonye, upepo unafunguliwa njia hadi kwenye bomba lake, nalo linaimba mpaka kidole kitakapoondoka. Wanasema kililetwa kwa meli kutoka Uingereza enzi za machimbo ya dhahabu, kikapanda huku juu kwa treni ndani ya masanduku. Mimi naamini, maana mbao zake hazifanani na mbao za hapa.

Aliyekitunza alikuwa mzee mmoja, mwenyeji wa mji huu. Alianza ujanani kwa kumbebea vifaa fundi wa Kizungu, akajifunza kwa macho na masikio, na yule Mzungu alipostaafu, kazi ikabaki mikononi mwake. Mimi nilikuwa nashona nguo mtaa wa Yeoville, na ndio kazi yangu hadi leo. Nilikwenda kanisani kupima majoho ya kwaya. Mzee akasimama kando akiniangalia nilivyoshikilia pindo kwa muda mrefu bila kulisogeza.

"Mkono wako hauna haraka," aliniambia. "Njoo Jumanne unishikie vibonye."

Kazi ya mshika vibonye ni nyepesi kuieleza. Anayerekebisha sauti yuko ndani ya kinanda, juu ya ngazi, katikati ya mabomba. Hawezi kuwa huko na hapo hapo akawa mbele anabonyeza. Kwa hiyo anahitaji mtu wa kukaa kwenye benchi, abonyeze kibonye kimoja, akishikilie, asikiachie mpaka aambiwe. Mzee alikuwa akisema "Endelea!", neno la kwanza la Kiswahili nililomfundisha, nami nahamia kibonye kinachofuata. Mengine tuliongea kwa Kizulu changu cha sokoni na Kiingereza chake cha kanisani.

Wakati wa kazi kila kibonye huliza mabomba mawili, moja la safu iliyokwisha kurekebishwa na moja la safu inayorekebishwa. Yakilingana, unasikia sauti moja tu, imetulia. Yasipolingana, hata kwa tofauti ndogo kama unene wa uzi, sauti inatetemeka: wa-wa-wa-wa. Tofauti ikiwa kubwa mtetemo unakwenda mbio, ikipungua unakwenda polepole, na ikiisha mtetemo nao unaisha. Fundi hahitaji kukumbuka sauti kichwani. Anasikiliza mtetemo mpaka ufe. Siku ya kwanza nilimwambia mzee kwamba mimi naupenda ule mtetemo, unanikumbusha akina mama wakiimba na kilio kooni. Alicheka mpaka ngazi ikacheza.

Kazi hii inataka kimya, na Jeppestown haina kimya. Ukuta kwa ukuta na kanisa kuna gereji ya kunyoosha bodi za magari, inaendeshwa na kaka mmoja kutoka Tanga. Kila mwaka ilibidi niende kumwomba aweke nyundo chini. Alikuwa akinisubiri na utani wake.

"Dada wa filimbi! Leo tena mnamkamua yule ng'ombe wenu?"

"Saa mbili tu, kaka. Toka saa saba hadi saa tisa."

"Saa mbili bila nyundo, wateja watadhani nimekufa. Sawa. Lakini mkishamaliza, mje mnirekebishie na honi ya hii Corolla."

Basi mwaka ule ninaotaka kukusimulia, wazee wa kanisa walikuwa wamechoka. Waumini walikuwa wakilalamika kwamba kinanda kinapiga ukelele kikipanda juu, na wenye watoto wachanga walikuwa wamehamia viti vya nyuma. Mwenyekiti wa baraza, mama mpole aliyewahi kuwa nesi, alimwambia mzee nikiwepo:

"Baba, tunakuheshimu sana. Lakini Jumapili hii ya shukrani kikipiga kelele tena, tutakifunga. Kuna watu wanataka kuyanunua mabomba."

"Kitaimba," mzee alijibu, akavaa miwani yake.

Mimi nilijua kwamba hakitaimba, na nilijua sababu. Tatizo lilikuwa safu ya mabomba madogo, yale ya ukubwa wa kidole, yenye sauti nyembamba kuliko zote. Mwaka uliotangulia, tulipofika kwenye safu hiyo, mzee alisema "Endelea!" huku mimi bado nasikia wa-wa-wa. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea. Mara ya kumi nikaelewa. Masikio yanapozeeka huanza kupoteza sauti za juu, na mtu mwenyewe hatambui, kwa sababu hawezi kusikia kile asichokisikia. Kwake kulikuwa na utulivu. Kwangu kulikuwa na nyuki kwenye kopo.

Mwaka ule uliotangulia nilinyamaza. Nilikolelewa mimi, mdogo hamwambii mkubwa kwamba mwili wake umepungua. Ukilazimika, unatafuta mtu wa makamo yake apeleke neno. Lakini hapa ningemtuma nani? Ningemwambia mwenyekiti, siri ya mzee ingekuwa ya kanisa zima. Na ningenyamaza tena, Jumapili wangekifunga kinanda, na yeye angekwenda kaburini bila kujua kwa nini.

Siku ya kazi tulianza vizuri. Safu kubwa zilikaa sawa, maana masikio yake kwa sauti za chini na za kati yalikuwa bado makali kuliko yangu. Tukafika kwa madogo. Nikabonyeza. Wa-wa-wa-wa.

"Endelea!" mzee akaita kutoka ndani.

Sikuachia.

"Endelea, mwanangu! Umelala?"

"Sijalala, Baba."

"Kibonye kimekwama?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo, kimekwama, na aibu ikapita. Vibonye vya zamani hukwama, hakuna ambaye angeshangaa. Nikakishikilia tu.

"Hakijakwama, Baba. Bomba bado linatetemeka."

Kisha nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, kimoja, kingine. Akatoka, akaketi kwenye benchi kando yangu, akafuta vumbi mikononi. Mimi bado nimeshikilia, nikiogopa kwamba nikikiachia nitakosa ushahidi.

"Linatetemeka sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Eish." Akainamisha kichwa, akasikiliza, upande huu, upande ule. "Mimi nasikia bomba moja tu limetulia. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mwaka jana ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Basi mwaka jana tulikuwa viziwi wawili humu ndani," akasema. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Akanigonga goti. "Achia sasa, kidole kitakauka."

Hakukubali hivi hivi lakini. Alipanda tena, akaharibu kwa makusudi sauti ya bomba moja la kati, ambalo yeye alilisikia vizuri, akanitaka nimwambie mtetemo unakwendaje. Nikamwambia unakimbia. Akalisogeza. Nikamwambia sasa unatembea. Akalisogeza tena kidogo sana. Nikamwambia umeketi. Alinijaribu hivyo mara sita au saba, na mara moja alinitega, hakugusa kitu, akasubiri niseme limebadilika. Nilisema halijabadilika.

"Haya," akasema. "Wewe sikiliza, mimi nitatumia mikono."

Bomba dogo hulishiki kwa vidole ukitaka likwambie kweli. Joto la mkono hupandisha sauti yake, ukiondoka likipoa inashuka, na kazi yako imepotea. Mzee alikuwa akigonga midomo ya juu ya yale mabomba kwa koni ndogo ya shaba, inayoipanua au kuibana, kugusa tu, kisha anarudi nyuma hata pumzi yake isiyafikie, tunasubiri. "Linakimbia," nasema. Mguso. "Linatembea." Mguso. "Linatembea polepole... limeketi." "Endelea!" Saa tisa ilifika tukiwa bado na mabomba kumi na moja. Nikatoka mbio hadi gereji. Kaka wa Tanga aliniangalia usoni, akawageukia wenzake, akasema, "Chemsheni chai nyingine, ng'ombe hajaisha kukamuliwa." Akatupa saa nzima zaidi bila kuombwa mara ya pili.

Jumapili mpigaji alianza chini, akapanda. Nilikuwa mstari wa pili wa kwaya. Alipofika juu kabisa, pale watu walipozoea kukunja nyuso, sauti ilipita nyororo kama sindano kwenye hariri. Niliwatazama akina mama wa viti vya nyuma. Mtoto mmoja alikuwa amelala.

Baada ya matangazo mwenyekiti alisimama kumshukuru mzee. Mzee akainua mkono kumkatiza, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Mabomba makubwa nimeyarekebisha mimi," alisema. "Madogo siyasikii tena. Yamerekebishwa na masikio ya yule dada mshonaji, naye sasa ni fundi kama mimi. Mkitaka kukifunga, tuulizeni sisi wawili."

Hakuna aliyezungumzia kufunga. Nilisimama, kwa kuwa watu wote walikuwa wamegeuka kuniangalia. Nilikuwa nimevaa joho nililolishona mwenyewe, na sikutazama chini. Katika mji huu nimeitwa majina mengi, na mara nyingi nimeulizwa nitarudi kwetu lini. Siku ile niliitwa fundi, na aliyeniita ni fundi.

Tangu hapo tunafanya kazi hivyo, mikono yake na masikio yangu. Kanisa moja la Doornfontein nalo limetuita, lina kinanda kidogo chenye safu sita tu, kilichokuwa kimenyamaza kwa miaka. Sasa mzee ananifundisha kutumia ile koni ya shaba, naye anakaa kwenye benchi na kushika vibonye, akilalamika kwamba ninamchelewesha.

Wateja wangu huniuliza ni nini hasa ninachokisikia, na wanadhani ni kipaji. Si kipaji. Masikio yako wewe yanaweza. Tafuta chupa mbili za soda zinazofanana na mtu wa kukusaidia. Tieni maji nusu katika kila chupa, pulizeni kwa pamoja juu ya midomo ya chupa, na usikilize mtetemo. Kisha ongeza maji tone kwa tone kwenye chupa yenye sauti ya chini, mkipuliza tena kila mara, mpaka mtetemo uishe.